Mashine Yenye Nguvu Kuliko Zote

Kando yangu basini, fundi magari mmoja alipakata boksi la mashine mpya ya betri ya kufungulia nati. "Nimechukua yenye nguvu kuliko zote," akajisifu kwa mwanamke asiyemjua aliyekaa naye.

Mwanamke akamwonyesha kucha zake zenye grisi. "Kaka, mwaka wa ishirini huu nafungua injini. Ndogo ndiyo hupenya. Nguvu isiyoifikia nati ni ya kazi gani?"

"Wivu huo, dada!"

Mimi nilijifanya nasoma gazeti.

Basi likasimama kituoni kwake. Fundi akainuka, boksi likakwama kati ya viti. Akavuta, akasukuma, kondakta akafoka.

"Ongeza nguvu, kaka," mwanamke akamhimiza kwa upole. "Si unayo kuliko wote?"