Injini Nzima kwa Ajili ya Mkia wa Herufi

Benchi letu, mbele ya duka la kunakili karatasi, lina miguu mitatu na tofali moja. Asubuhi hiyo Dirisha, muunda programu za kompyuta, aliketi upande wa tofali, kahawa yake haijaguswa. Saa nne darasa la kisomo cha watu wazima lingefunguliwa kwa programu aliyoiunda mwenyewe, na shangazi aliyemlea alikuwa wa kwanza kujiandikisha.

— Umenuna nini? akauliza Msumeno, seremala.

— Programu yangu inaazima kivinjari kilichomo kwenye kila kompyuta. Kompyuta zenyewe aina tatu. Hii inachora herufi vizuri, ile inakata g mkia.

— Kivinjari si kile cha kufungulia intaneti? nikauliza.

— Ndicho, mzee. Kina injini inayochora kila unachokiona. Naweza kuifungasha humohumo kwenye programu, kote ichore sawasawa. Ila itakuwa nzito, na kompyuta zenyewe kuukuu.

— Fungasha! Mimi kwa mteja naenda na msumeno wangu. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

— Methali hiyo imeingiaje hapa? akadakia Mkasi, fundi cherehani.

— Jembe si kifaa?

— Kubeba injini nzima kwa ajili ya mkia wa herufi! Ni kwenda kumjulia mtu hali na nyumba mgongoni.

— Kobe ndivyo anavyotembea, na anatuzika sote!

— Haya. Kila programu ije na injini yake. Zikifika kumi zitafanya kikao, zimfukuze mwenye kompyuta.

Dirisha hakucheka. Alifungasha injini, akaiwasha programu kwenye kompyuta aliyoiazima darasani. Tulipiga mafunda manne tukingoja. Hatimaye herufi zikatokea, na g ina mkia wake.

— Si nilisema! akanguruma Msumeno.

Nami, niliyejifunza kusoma mvi zikiwa zimeshaota, nikavaa miwani na kusoma kwa sauti, bila kukwama: “Karibu, mgeni. Andika jina lako, kisha bonyeza Endelea.”

Nyuma yetu shangazi mtu alikuwa amesimama, daftari jipya kwapani.

— Niandike jina langu?

— Ndiyo, shangazi. Ndipo somo lifunguke.

— Mwanangu, si ndilo ninalokwenda kujifunza?

Msumeno alimtazama Mkasi. Mimi nikavua miwani, nikaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Ilikuwa saa nne kasorobo.