Sura ya Mawla

Benchi la kwa Hashmat muuza chai, pale uchochoro wa washonaji katika Dhaka ya zamani, halijawahi kukosa jibu. Liulize bei ya ng'ombe wa Idi, utajibiwa. Liulize nani ataiangusha serikali, utajibiwa mara tatu. Asubuhi ile ya Desemba wenye benchi walikuwa wameipa barabara mgongo, vikombe mkononi, wakimtazama Khorshed juu ya ngazi. Khorshed ni mchoraji wa mabango ya sinema. Kesho yake ilikuwa Siku ya Ushindi, na mtaa ulikuwa umemtaka achore ukutani picha ya Sirajul Mawla, mwana wa uchochoro huu aliyehama akiwa kijana, akaimba redioni wakati wa vita vya uhuru, kisha akaimba kwenye filamu bila kuonekana, sauti yake, midomo ya mwigizaji. Mawla alikuwa amefariki Khulna mwezi uliopita. Kanzu ilikuwa tayari, mikono iko juu ya kinanda, bendera inapepea. Juu ya shingo palikuwa peupe.

Picha zake Mawla alizichoma mwenyewe siku alipovuka mpaka kwenda redioni, askari wa adui wasije wakamtambua, na tangu hapo hakutaka kuiona kamera. Hata gazeti lililotangaza kifo chake liliweka picha ya mwigizaji.

Khorshed alikuwa amezeeka akiwachora mastaa waliofumbua midomo kwa nyimbo za Mawla. Safari hii alitaka amchore mwenye sauti. Alilitaka jambo hilo mpaka likamnyima usingizi, ila hakulisema, maana pale benchini ukisema unachokitaka unachekwa.

— Nipeni sura basi, jamani. Kesho watu wanakuja.

Wa kwanza alikuwa Kipande, mkata tiketi wa mlangoni mwa sinema.

— Chora mrefu, kaka. Pua ndefu, shavu limebonyea. Nimesoma naye darasa moja.

— Wewe darasani uliingia lini? akadakia Wakili, ambaye mahakama anaijua kwa kuwaandikia watu barua nje ya lango. Mawla alikuwa mfupi, mnene, ana kovu kidevuni. Alianguka kwenye mpera wa bibi yangu. Mimi ndiye niliyemwokota.

— Mwaka jana ulisema aliyeanguka ni wewe.

— Tulianguka wote! Ndugu chungu, jirani mkungu.

— Mrefu, mfupi, akanung'unika Khorshed. Nimchore amepanda kigoda?

— Mnacheza nyie! Huyo alikuwa Kamanda, ambaye kofia ya vita hajaivua mpaka leo, ingawa hakuna ajuaye alipigana wapi. Mawla aliingia mkahawani, askari wanaomtafuta wamejaa tele. Redio inaimba, anayeimba ni yeye, na yeye huyo huyo amekaa hapo anawawashia sigara!

— Kama yuko redioni, hapo mkahawani ni nani?

— Ndio utaalamu wenyewe! Mbona huelewi wewe?

— Mficha uchi hazai, akasema Wakili kwa uchungu.

— Alizaa wanne.

— Basi hakuficha.

Hashmat akamimina chai juu ya maziwa ya kopo, akakoroga, akasema kwa upole kwamba yeye alisikia Mawla walikuwa wawili: mmoja wa kuimbia nchi, mwingine wa mapenzi.

— Wawili wa nini? akasema Kipande. Alikuwa mmoja, ila sura ilikuwa inageuka. Akimwimbia tajiri, mashavu yanajaa. Akimwimbia mvuta riksho, anakonda wiki nzima. Siku moja nilimzuia mlangoni nikidhani ni mwigizaji!

— Acha kamba!

— Haki ya Mungu!

— Sikilizeni, akasema Wakili. Mchoraji hana muda. Amchore yule wa gazetini, watu wameshamzoea. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo walikubaliana. Khorshed alikasirika. Nani angemwelewa? Akachovya brashi. Mkono wake uliijua sura ile hata gizani, na nyusi za staa zikatoka zenyewe, nene, zimejipinda. Alijichukia.

Hapo akafika mama mmoja wa makamo, sari nyeupe, begi la safari begani. Akaomba chai, akainywa amesimama.

— Mtaa wa Mawla ndio huu?

— Ndio wenyewe, mama, karibu sana! akasema Kipande. Sisi tumekua naye.

— Tumekula naye, akaongeza Kamanda.

— Tumeanguka naye, akasema Wakili.

Yule mama akautazama ukuta kwa utaratibu: kinanda, bendera, kanzu, nyusi.

— Kazi nzuri, akasema. Na Mawla mmemweka wapi?

Wakili akakohoa. Kamanda akaivuta kofia mpaka puani.

— Ulimjua, mama? Khorshed akauliza kutoka juu.

— Nilikuwa mkewe.

Hashmat aliinamisha birika kwenye kikombe cha Wakili. Chai ilikuwa imekwisha, na Wakili, ambaye kwa kawaida angefungua kesi, akakiinua akanywa hivyo hivyo.

Khorshed akalowesha kitambaa kwa mafuta ya taa, akazifuta zile nyusi mpaka pakawa peupe tena. Akateremka, akamwinua Kipande kwa kumgusa bega tu, akapangusa ubao wa benchi kwa mkono wa shati.

— Pole na msiba, mama. Keti. Tuanze na paji la uso. Lilikuwaje?

Mjane akafikiri. Alionekana kuona haya kidogo, kama mgeni aliyeleta zawadi ndogo.

— La kawaida tu, ndugu yangu. Kama la mtu yeyote.

— Hilo, akasema Khorshed, sijawahi kulichora.

Akapanda ngazi, akachovya brashi upya.