Numero ya Motere

Mufunge mulango, batoto yangu, mukae chini, hata weye Michée, usisimame pale na funguo ya motokari mu mukono sawa patron. Sitasema mara mbili, juu pumzi yangu iko kidogo, na ile kidogo inabakia nitaitumia kwa kukasirika.

Asubuhi nilisikia makelele ku barabara. Nilisikia mutoto yangu mwenyewe anaita Guelor mwizi, mbele ya jirani, mbele ya bibi yake na batoto yake batatu, na kisha banamupeleka ku polisi. Guelor! Fundi mwenye anatengeneza ile Peugeot yetu ya 404 miaka kumi na mbili, na hakuchukua hata visi, parafujo moja! Mulimuita mwizi juu ya nini? Juu mununuzi wa motokari alikuya, akashika makaratasi yetu, akainama, akasoma numero ya motere, akaona haipatane na ile ya carte rose, karatasi ya serikali ya motokari, akasema hii motokari haina motere yake ya kuzaliwa, akaenda. Na sawa vile Guelor njo alikuwa wa mwisho kuigusa, weye Michée ukamukamata shati, eti aliibadirisha. Nilikuita toka hapa ku kitanda mpaka sauti ikakatika, na hakuna mwenye alinisikia. Sasa mutanisikia.

Guelor aliosha motere na petroli juu iwe safi mbele ya mununuzi. Njo kosa yake yote. Miaka makumi tatu hakuna muntu aliona ile numero, juu kila mwaka, mbele ya Noeli, nilikuwa naipaka rangi nyeusi mi mwenyewe, na mulikuwa munanisifu, eti papa anapenda motokari yake. Mama yenu Albertine alikuwa hata ananiletea burushi. Nilikuwa nafunika wizi yangu. Ndiyo, yangu. Musiinamishe vichwa, muniangalie.

Munakumbuka jina ya Papa Mbuyamba? Mukasai, muntu wa Kasai, jirani yetu hapa mu hii mutaa yetu ya Kenya, alikuwa na 404 sawa yetu, ya mwaka moja, rangi moja. Wakati balifukuza Bakasai bote mu hii muji, juu ya kabila yabo tu, alikuya na funguo, akaiweka mu hii mukono yangu, akasema: "Chishimba, unilindie, nitarudia." Akaenda ku gare, kupanda treni, na bibi yake, mutoto ku mugongo. Mwaka haikuisha, motere yangu ikakufa. Nilifanya nini? Nilifunga lango, nikatoa ile yake, nikaiweka mu motokari yangu, na yangu yenye kufa nikaitia mu yake, kila visi pa nafasi yake, fundi muzuri kabisa! Alirudia kisha miaka ine. Motokari yake ikakatala kuwaka. Nikamuambia kukaa bure njo kuliua motere. Na yeye, ule muntu, akanishika mukono, akanishukuru. Alinishukuru! Siku aliuza ile motokari ku bantu ba mitraille, bipande bya chuma, alinipatia carte rose yake juu nimukumbuke. Ile merci yake iko hapa mu kifua, inaniuma kupita hii ugonjwa.

Bwalya, binti yangu, ile carte rose iko chini ya godoro. Uipeleke ku Kasapa, kwa Gaëlle, mwalimu, binti ya marehemu Mbuyamba, ule mutoto wa ku mugongo. Umuambie yote, usifiche hata neno. Mutoe motere mu motokari yetu, mumupelekee, numero itapatana. Akiikatala, ni haki yake. Na musitie motere ya Toyota pa nafasi yake, sawa bengine banafanya! Muache wazi, kila mwenye atafungua kapo, kifuniko ya mbele, aone.

Michée, uende ku polisi sasa hivi. Umutoe Guelor, umurudishe na ile barabara moja, na pale ulipiga makelele ya mwizi, upige makelele ya jina yangu. Usiseme papa alikosea. Sema aliiba.

Maji... kidogo.

Pemba iko mu kisahani. Nayua, munangojea nibapake baraka ku uso, sawa vile nkambo yenu, baba yangu, alinipaka na ile udongo nyeupe. Sitamupaka muntu wa hii nyumba mbele ya Guelor kufika hapa. Na kama mukono yangu... kama inakufa mbele afike, mumupatie yeye kisahani. Yeye njo atabapaka. Kama anataka.

Kimbia, mwanangu. Funguo... uiache hapa.