Mstari Mwekundu wa Mzee Rula

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu. Leo tunamkumbuka fundi bomba mstaafu aliyefariki wiki mbili zilizopita. Majirani walimwita Mzee Rula.

Nyumba za mtaa wao zilipokamilika, wajenzi walipakia mashine wakaenda zao. Chini ya mteremko waliacha bwawa la kupokea maji ya mvua. Mvua ikikatika, bwawa hukauka, kwa hiyo wengi waliliona shimo la bure. Mzee Rula alichomeka nondo humo. Ikazama urefu wa mkono wake hadi kiwiko. Chini ya nyasi zilizoota humo palikuwa na tope la ujenzi. Narudia: nusu ya bwawa ilikuwa tope.

Aliwasihi majirani, wakalichimba. Akasimika nguzo, akaichora mstari mwekundu. Tope lisivuke hapo. Kila Jumamosi alipima tope kwa rula yake, kisha akakwangua takataka kwenye wavu wa mdomo wa bomba la kutolea maji bwawani.

"Mzee Rula, mwanao wa tope amekua sentimita ngapi?" kinyozi alimtania.

"Mbili. Na ana adabu kukuzidi wewe."

Mwaka jana, mvua ikimwagika, godoro liliziba wavu. Maji yalipanda hadi kizingiti cha kinyozi. Mzee Rula aliingia yakamfika kifuani. Akavuta, akateleza, akavuta tena. Bomba likaguna, maji yakashuka.

"Alirudi amelowa chapachapa, anatetemeka," anakumbuka mkewe. "Nikamwambia, baba watoto, utakufa kwa ajili ya shimo? Akanijibu, mama, shimo likijaa tope, maji yatakuja kulala kitandani kwetu."

Hata wodini hakuulizia dawa. Aliulizia wavu.

Wasikilizaji wapendwa, Jumamosi mbili zimepita bila mtu kupima. Jana binti yake alishuka mwenyewe na rula ya baba yake. "Tope limevuka mstari mwekundu kwa vidole viwili," ametuambia. "Na wavu siuoni kwa mifuko." Watabiri wa hali ya hewa wanasema Alhamisi mvua kubwa. Leo ni Jumanne.

Kwa mjane na binti yake, tunawapa pole kwa moyo wote. Mungu awatie nguvu. Nanyi mnaoishi chini ya mteremko ule, jiulizeni mlikuwa mnalala usingizi kwa kazi ya nani.

Mjane anasema reki na koleo vya mumewe viko nyuma ya mlango. Mlango hajaufunga.