Kigauni Kutoka Gerezani

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao mbele ya kibanda cha Fundi Cherehani, na muuza kahawa hutufikia jua likianza kupoa. Siku hiyo utani ulitukauka mdomoni. Juu ya cherehani kulikuwa na kigauni kilicholetwa asubuhi na ofisa wa gereza la wanawake. Mke wa Fundi amefungwa kwa kesi ya kumjeruhi mtu, na huko ndani wana kikundi cha sanaa: wanaimba, wanaigiza, wanachora kwenye vitambaa na kushona. Kigauni alikishona yeye, akakichorea ndege wa rangi kuzunguka pindo lote, kwa ajili ya binti yao. Matatizo yalikuwa mawili. Binti yuko darasa la nne, na kigauni ni cha mtoto anayejifunza kutembea. Halafu Fundi alishamwambia binti kwamba mama yake amekufa. Akipita hapa tunampa pole.

— Nakirudisha, Fundi alisema. — Hata umri wa mwanawe kausahau.

Redio, tunayemwita hivyo kwa sababu hazimiki, alikinyanyua kigauni akakikagua kwenye mwanga.

— Hii ramani, bwana. Huyu ndege anayetazama kushoto ndiyo geti. Shemeji anataka kutoroka.

Wakili wa Bure, ambaye mahakamani huingia kusikiliza kesi za watu tu, alimkatalia. Akaeleza kwa kirefu kwamba huo ni mtego: ukipokea nguo ya marehemu umekiri kwamba yu hai, na uongo wako unakufunga na wewe. Redio hakukubali kushindwa. Kumbe, akadai, wale wanawake wanafundishwa kutia harufu ya mwili kwenye rangi, na mtoto akishavaa tu, miguu yake inampeleka yenyewe hadi gerezani.

— Basi kichome moto, Wakili akashauri.

Fundi hakucheka. Alikuwa anakitazama kigauni kwa hasira ya mtu anayeogopa.

Ndipo akaja dada mmoja mwenye mfuko wa plastiki, akauliza kama hapa ndipo kwa Fundi. Alikuwa ametoka kifungoni wiki hiyo, na kwenye kikundi alikuwa akikaa meza moja na shemeji yetu. Alikitambua kigauni kabla hajaketi. Akatueleza kwamba mwenzake alikikata bila futi ya kupimia. Alikunja mikono kifuani, kama alivyokuwa amembeba mtoto siku anakamatwa, akawaomba wenzake wapime nafasi iliyobaki katikati. Walimwambia mtoto lazima amekua. Akawajibu kwamba anajua, ila hicho ndicho kipimo pekee alichoingia nacho.

Hapo Redio alikirudisha kigauni juu ya cherehani, taratibu.

— Jumapili nakwenda kumwona, dada alisema. — Anataka kushona kingine. Mtoto sasa ana kimo gani?

Swali jepesi kabisa. Fundi alimshonea binti sare ya shule juzi juzi tu. Aliinua mkono kutoka magotini, ukapanda mpaka usawa wa kifua, akaushusha. Akatutazama mmoja mmoja, na kila mmoja wetu akainama kwenye kikombe chake.

Dada alingoja mpaka muuza kahawa akakusanya vikombe. Kisha akaaga, akaenda zake bila jibu la kumpelekea.