Mwalimu Geuza na Watoto wa Ng'ambo ya Mto

Ndugu, jamaa, majirani, walimu wenzake na nyote mliokuja kumsindikiza binti yetu, poleni kwa safari na kwa jua hili, shemeji yangu ndiye aliyepaswa kusimama hapa kama msemaji wa familia, lakini tangu juzi sauti imemkauka, na kwa kuwa tarehe nyingi ninazo mimi mama yake, karatasi nimepewa mimi, nitaisoma kama ilivyoandikwa, nikikwama mnivumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1982, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa fundi magari, ambaye alitutangulia mwaka 2001, na mimi mshona nguo, alizaliwa katika chumba cha nyuma cha kibanda changu cha cherehani kwa sababu uchungu ulinikuta nikipinda suruali ya mteja, mkunga alipofika alikuta mtoto yupo, suruali bado. Alichelewa kusema, hadi anatimiza miaka mitatu alikuwa akionyesha kitu kwa kidole tu, shangazi yake akawa anamwita Bubu na kunishauri nimzungushe kwa waganga, alipoanza kusema hakunyamaza tena, na shangazi huyo huyo, ambaye tumekaa naye hapa, ndiye aliyekuwa wa kwanza kulalamika kwamba heri tungemwacha alivyokuwa.

Alianza darasa la kwanza Januari 1989 katika shule ya msingi iliyo nyuma ya stendi, akamaliza mwaka 1995, akaingia sekondari ya kutwa kuanzia 1996 hadi 1999, hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, hesabu zilimpiga chenga mpaka siku ya mtihani, lakini kusoma alisoma chochote kilichofika mkononi, hata magazeti makuukuu niliyokuwa nakatia vipimo vya nguo, nikawa naacha nimepanga kola na mikono mezani, nikirudi nakuta amevipangua vyote ili apate mwisho wa habari. Mwaka 2000 alijiunga na chuo cha ualimu, akahitimu mwaka 2002, na mwaka huo huo akaajiriwa katika shule ya msingi hapa mjini, alikofundisha darasa la kwanza kwa miaka kumi.

Tarehe 16 Desemba 2006 alifunga ndoa na dereva wa lori, wakajaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 2007 na mvulana aliyezaliwa mwaka 2010, ambao wameketi hapa pembeni yangu.

Januari 2012 alihamishiwa shule ya ng'ambo ya mto, nayo ni shule ya watoto wa watu wa msituni, wenyeji wa asili wa nchi ile, waliokuwa wakiwinda na kurina asali kule kabla sisi wengine hatujafika na majembe yetu. Walimu waliopangiwa kituo hicho kabla yake walirudi na vyeti vya daktari, huyu mgongo, huyu presha, huyu vumbi, nami nilimwambia atafute chake mapema, akanijibu, "Mama, mgongo wangu unauma nikikaa bure," akafunga godoro. Mumewe alisema yeye alioa mwalimu wa mjini, ndoa ile ikaishia pale kwenye ukingo wa mto bila ugomvi wala kesi, naye leo amekuja kuzika, tunamshukuru, na watoto wakabaki kwangu wakimwona mama yao shule zikifungwa.

Shule aliyoikuta ilikuwa na vyumba viwili vya udongo na turubai moja, na sifa moja kubwa, kwamba watoto wake wanasoma kwa sauti kuliko shule zote za upande ule. Mwalimu mkuu alimwingiza darasa la nne siku ya kwanza ajionee, watoto wamezunguka meza, kila meza kitabu kimoja katikati, akasema, "Someni," nao wakasoma ukurasa mzima kwa sauti moja, hakuna aliyesita, mpaka mgeni anatamani kupiga makofi. Marehemu aliwauliza hadithi inahusu nini, akauliza tena kwa upole zaidi, wakaanza kusoma ukurasa ule ule upya, maana walidhani hawajapendeza. Lugha ya kitabu haikuwa lugha yao, waliyoisikia kwa mama zao ilikuwa nyingine kabisa, na walichokuwa nacho kichwani ni mwimbo usio na maana, walioupokea kwa walioketi meza hizo mwaka uliotangulia.

Basi akasema, "Geuzeni kitabu," wakakipindua kichwa chini miguu juu, akasema wasome, wakaimba ukurasa ule ule bila kukosea. Mtoto mmoja tu, msichana aliyekuwa akikaa upande wa pili wa meza, hakuimba na wenzake, aliweka kidole kwenye kitabu akaanza kutamka herufi moja moja, polepole, kwa sababu miaka yote hiyo kitabu kilikuwa kinamtazama kwa kupinduka, alizijifunza herufi hivyo hivyo zilivyopinduka akidhani ndivyo zilivyo, na siku hiyo kilipogeuzwa kikamjia wima, jinsi asivyowahi kukiona, ikabidi ajikongoje. Walipokirudisha akasoma tena kutoka upande wake wa meza, safi, herufi kwa herufi. Wenzake wakampa jina la Kinyume, na walimu wakampa binti yetu jina la Mwalimu Geuza, la kumcheka, naye akalikubali, akasema shule hii ina msomaji mmoja na amejifundisha mwenyewe, sasa tuanze na wengine.

Kazi aliyoifanya ni kuwaanzishia kusoma kwa lugha yao ya nyumbani, na kwa kuwa hapakuwa na kitabu hata kimoja cha lugha hiyo, alikaa na bibi zao kwenye kambi zao za msituni akasikiliza, akapanga maneno, akaandika hadithi fupi za nyuki, za mbwa wa kuwindia na za mtoto aliyeangusha kibuyu. Karatasi kule hazidumu, moshi, mvua na mchwa, akaniletea wazo la vitabu vya kitambaa, mimi nikawa nakata kitambaa cheupe kizito, napinda kingo na kushona mgongo, yeye anaandika kwa kalamu nene ya wino usiofutika, na kila mtoto akawa na chake mbele yake, hakuna upande wa pili wa meza. Nilimwambia zaidi ya mara moja kwamba uzi haushuki kutoka mbinguni, alicheka, akachukua na uzi.

Wengi hawakumpenda kwa hilo, mwalimu mkuu alimwambia, "Uliikuta shule inasoma, sasa inajikokota kama mgonjwa," na mrina asali mmoja, ambaye ni baba wa watoto wengi pale, alimjia na kuuliza, "Mwalimu, mwanangu alikuwa anamaliza ukurasa mimi sijamaliza kukohoa, sasa jua linazama yuko mstari wa kwanza, umemlisha nini?" Akamjibu, "Mwulize huo mstari unasemaje," baba akauliza, mtoto akamweleza kwa lugha yao kwamba mbwa amerudi peke yake, mwenye mbwa hakurudi, yule mzee akakaa chini, akasema, "Basi wa pili nitausikia kesho," na kesho yake alikuja kweli.

Mwaka 2014 alikuja mkaguzi, ambaye simjui wala simtaji, akakuta darasa la pili wanasoma kwa lugha ya kambini, akasema haimo kwenye mtaala, marehemu akapewa onyo na vitabu vya kitambaa vikakusanywa stoo, na muhula uliofuata akavikuta madarasani, vimekatwa vipande, vinafutia ubao. Hakunilalamikia, alisema tu, "Mama, vinafuta vizuri," akaniomba nishone vingine, tangu hapo akafundishia kambini baada ya masomo mpaka alipokuja mkaguzi mwingine aliyemwambia kwamba yeye macho yake ni mabovu na aendelee.

Sitawadanganya kwamba watoto wote walisoma, msitu ulipowekewa walinzi mwaka 2018 kambi zilisukumwa mbali na nusu ya madarasa ikaenda nazo, wasichana waliozeshwa, wengine waliondoshwa na njaa, na Kinyume mwenyewe, aliyemaliza darasa la saba mwaka 2015, wa kwanza katika familia yake, alirudi kutoka kidato cha pili, akaolewa, leo yupo hapa ana mtoto mgongoni. Lakini waliobaki walisoma na kuelewa walichosoma, na wakivuka kwenda lugha ya vitabu walivuka wakijua kwamba neno lina kitu ndani yake, hilo mwalimu mkuu mwenyewe amekuja kulisema jana mbele ya familia, tunamshukuru kwa kulisema.

Kuhusu ugonjwa, nautaja kwa jina kwa sababu kina mama mko wengi hapa, ilikuwa saratani ya titi. Nilikuwa nimeandika kwamba uvimbe aliuona Machi 2023, kwa kuwa ndivyo alivyotuambia, lakini juzi nilipokuwa naandika historia hii Kinyume alikuwa amekaa ng'ambo ya meza ananyonyesha, akaisoma karatasi yangu kutoka kule aliko, akasema, "Bibi, hapo futa." Akanieleza kwamba ilikuwa Septemba 2022, walikuwa wanafua mtoni, Mwalimu akaushika mkono wake akauweka pale penye uvimbe, akamuuliza, "Na wewe unausikia?" akamjibu ndiyo, akamwambia twende hospitali kesho, naye akasema kwenda na kurudi si chini ya mwezi, darasa la kwanza watarudishwa kwenye kuimba, wacha wamalize herufi kwanza. Walipomaliza hawa, wakaja wengine. Kwa hiyo nimefuta, mwaka sahihi ni 2022.

Juni 2023 alipokelewa hospitali ya rufaa, akafanyiwa upasuaji mwezi uliofuata, akaanza dawa za saratani za kutundikiwa mshipani, nywele zikaisha, kucha zikawa nyeusi, Januari 2024 akarudi kituoni madaktari wakikataa na mimi nikikataa, akafundisha ameketi. Mwishoni mwa Mei alianguka darasani, wazazi wa kambini wakambeba kwa blanketi hadi mtoni na kumvusha, na wale niliokuwa nikisikia watu wa huku wakiwaita washamba ndio waliolala nje ya wodi mpaka walinzi wakawazoea. Saratani ilikuwa imefika kwenye ini. Miezi miwili ya mwisho alikuwa kwangu, chumba kile kile alimozaliwa, hakuweza kushika kalamu, akawa ananisikiliza nikishona, na swali lake lilikuwa moja, nani yuko na darasa la kwanza, nami nikamwambia yupo mtu, ingawa hakuwepo. Alifariki Jumapili tarehe 11 Agosti 2024 alfajiri, akiwa na umri wa miaka arobaini na miwili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, hasa muuguzi mmoja mfupi aliyekuwa akimwita Ticha wa Darasa, majirani mliopika na kuchota maji bila kuitwa, walimu wenzake wa shule zote mbili, mvushaji wa mtumbwi ambaye hakutaka malipo siku alipomvusha mgonjwa, na watu wa msituni, ambao wametembea kuja hapa na kesho watatembea kurudi.

Jambo la mwisho, na hili namsomea afisa elimu aliyetuheshimu kwa kuja. Tangu Mei hakuna mwalimu aliyekubali kuvuka, darasa la kwanza wameunganishwa na la tatu, meza zimerudishwa, kitabu kimoja katikati, na mwalimu mkuu anasema wanasoma tena kwa sauti moja, vizuri sana. Tunaomba mwalimu. Hatuombi jina lake liandikwe ukutani, tunaomba mtu. Mpaka atakapopatikana, nina vitabu vya kitambaa nilivyoshona yeye akiwa kitandani, kurasa zote nyeupe, sivifukii naye kaburini na havitafutia ubao, Kinyume ataondoka navyo kesho pamoja na kalamu zilizobaki, hana cheti, ana mtoto mgongoni, na mume wake bado hajasema ndiyo. Amesema ataanza na ile hadithi ya mbwa aliyerudi peke yake, kwa sababu anaikumbuka yote.

Mwanangu, ulikuwa unauliza nani yuko na darasa la kwanza, nilikudanganya ili ulale. Lala sasa kwa amani, vitabu vinavuka mto asubuhi.