Pai ya Mama Beatha

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya mpendwa wetu Nakijwa Eliamini Mmbaga, Mama Beatha, na karatasi hii nimepewa mimi mpwa wake, Yunus, kwa sababu wanawe wamesema hawataifikisha mwisho.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1950 huko Mamba, Same, akasoma shule ya msingi hapo hapo hadi 1965, na mwaka 1970 akaenda Uingereza kulea watoto wa daktari mmoja, kisha kuanzia 1973 akafanya kazi jikoni katika baa mjini Leeds, ambako kwa miaka minane alioka pai za nyama na figo, akakaanga samaki na chipsi, akapanga sahani za mkate, jibini na vitunguu vya siki, wala bia yao hakuionja, maana alikuwa Msabato kwelikweli.

Alirejea 1981, na tarehe 6 Juni 1982 akafunga ndoa na Mzee Sifael Mgonja, wakajaliwa Beatha na Sadock.

Mwaka 1990 alifungua mgahawa Makanya, kando ya barabara kuu, akioka pai zilezile za Leeds kwa tanuri la pipa, na madereva wa malori walijilamba vidole, lakini mumewe, mzee wa kanisa, hakugusa hata chembe, akisema hicho ni chakula cha baa, yeye apewe makande yake. Mama alimtania mbele za watu, ila lilimuuma sana, na aliniambia angewatoa madereva wote ili Sifael ale sahani moja tu.

Septemba 2022 aligundulika na saratani ya tumbo, mikono ikaishiwa nguvu, na Februari mwaka 2024 akatamani pai, ndipo Mzee Sifael akafunga aproni, mkewe akimwelekeza kutoka kitandani, ya kwanza ikaungua, ya pili ikatoka mbichi, ya tatu ikaiva, lakini Mama akagoma kula mpaka mumewe atangulie. Mzee alikula, akaongeza kipande cha pili, na mama yetu alilia kwa furaha.

Alitutoka Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, ameshikwa mkono na mumewe, akiacha watoto wawili na wajukuu watano.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Makanya, waumini na wafanyakazi wa mgahawa, nanyi mliopanda mlima huu kutufariji. Tukitoka makaburini tafadhali msiondoke, kuna pai, Mzee Sifael ameamka alfajiri kuzioka, na Jumapili anaufungua tena mgahawa.

Pumzika kwa amani, Mama Beatha, jikoni kuna mtu.